Nilikutangulia Kwenye Maiki

Bondeni, mezani kwa Makhanu
Jumatano, 5 Machi

Cherop, mama Kimberly,

Simu yako inaniambia mteja hapatikani. Huyo mwanamke wa ndani ya simu nimemtukana mpaka nimechoka, na hajibu. Basi nimekuja mjini, huku mtaa wa Bondeni, kwa Makhanu, yule mzee wa taipu aliyeandikia kanisa letu barua ya kuomba mabati. Anaishi huko Free Area, nyumba ya tatu kutoka kwa dada yako, na amesema atakuletea mwenyewe. Mimi nasema, yeye anaandika. Shule sikuenda hata siku moja, na nimemwambia asinifanye mwalimu. Aandike vile ninavyosema.

Sasa. Umechukua mtoto na begi mbili ukaondoka bila kuaga. Ndama wa Kimberly amekataa kunywa kwangu. Ananiangalia kama mimi ndiye nimemfukuza mwenyewe.

Najua ni mambo ya Ijumaa. Lakini Cherop, tuliitwa wote. Watu wa bunge walitoka mbali wakaja kwenye holi ya kanisa kutuuliza maoni juu ya ule mswada wa ardhi ya familia. Wakasema sheria ya leo inataka mwanaume akiuza shamba, mke wake aende mbele ya bodi ya ardhi aseme kwa mdomo wake, nimekubali. Hii mpya inaondoa hayo. Mwanaume apeleke barua ya chifu, basi, yameisha. Wakauliza, wananchi mnaonaje? Mimi si mwananchi? Nikasema ninavyoona, mke asiulizwe. Nilisema kuna mwanamke hapa kwetu Rongai alisimama mbele ya bodi mwezi wa kwanza akasema hapana, mume wake amesimama pale na koti la kuazima, na mnunuzi yupo, na wazee wakacheka. Jina sikutaja. Kama shingo zote ziligeuka zikakutazama, ni mimi nilizigeuza?

Na kama ni kwamba niliongea kabla yako, hayo ni magoti. Nilikuwa nimekalia benchi tangu saa mbili.

Kipyegon ni mume wako, lakini ni mtoto wangu mmoja aliyebaki. Anataka lori la kubeba viazi, na anauza kile kipande cha bonde tu, matope na vyura. Ulimfanya akose usingizi. Mimi ni mama yake, ulitaka nimpigie nani makofi?

Rudi. Tugombane hapa jikoni nikikuona uso.

Kogo, nyanya yake Kimberly,
Chepkurui
(kidole gumba)

*

Free Area
Jumamosi, 8 Machi

Mama,

Shikamoo. Mzee Makhanu, tafadhali msomee Mama mahali ambapo hakuna watu.

Barua yako nimeipata. Kimberly yuko salama, anauliza ndama. Jaribu kumpa chupa ukiwa umejifunga sweta yake ya kijani shingoni, nimeiacha nyuma ya mlango. Anafuata harufu.

Sikuondoka kwa sababu ulisema maneno yale. Tumekaa nyumba moja miaka kumi na moja, maneno yako nayajua. Ulinichamba mwaka wa kwanza kwa ugali wangu na ulikuwa sawa.

Nilikuwa na karatasi mkononi siku ile. Niliiandika wiki mbili, usiku Kimberly akilala. Nilitaka kuwaambia wale watu kwa nini mwanamke anaweza kusema hapana na bado anampenda mume wake. Mimi ni mwalimu wa nasari, sijawahi kushika maiki mbele ya watu wazima, na nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayeenda kuolewa.

Namba yangu ilikuwa nne. Yako ilikuwa thelathini na moja, niliiona kwenye kitabu uliponiita baadaye nikuandikie jina lako. Halafu karani akasimama akasema, tunaanza na Kogo Chepkurui. Ulipomaliza akaita wale watatu wa mbele yangu, halafu Cherop.

Unajua kwamba singeweza kusimama, Mama. Kwetu mke wa mtoto hapingi maneno ya mama mkwe mbele ya mkutano. Ningesimama, hata wale waliokuwa upande wangu wangeinamisha kichwa kwa aibu. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, nikatoka na mlango wa nyuma.

Nina swali moja tu. Nani alimwambia karani akuite kwanza?

Juu ya yale niliyosema mbele ya bodi, nilikuwa na sababu. Siwezi kuiandika.

Wako,
Cherop

*

Bondeni
Jumatano, 12 Machi

Cherop,

Sweta imefanya kazi. Ndama amekunywa yote akanikojolea kiatu cha gambuti. Mwambie Kimberly.

Makhanu amenisomea barua yako nyuma ya duka la mitumba, karibu na choo, hapo ndipo hakuna watu. Amesoma mara mbili. Mara ya pili alisoma polepole kama mtu anayesoma kwenye matanga, nikamwambia wewe mzee, nani amekufa?

Unaniuliza karani. Karani ni kijana wa watu, aliona mwanamke mzee, akamheshimu. Siku hizi heshima imekuwa kosa? Magoti nimekwambia.

Wewe unasema una sababu na huwezi kuiandika. Hiyo ni sababu gani? Mimi nitakwambia yangu. Marehemu mzee wangu, Kiptanui, aliuza ile sehemu ya juu, kule kwenye miti ya misindano, Kipyegon akiwa bado ananyonya. Hakuna bodi iliniita. Nilijua siku niliyokwenda kupalilia maharagwe yangu nikakuta mtu na jembe la ng'ombe anayafukia. Nikamwambia, baba, umepotea shamba. Akasema, mama, wewe ndiye umepotea. Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu nikapika. Nikampakulia Kiptanui, akala. Hatukuongea juu ya hayo mpaka akafa. Na sikufa! Nililea watoto na sehemu iliyobaki. Kwa hivyo nikiona mwanamke wa leo anashika shamba la mume kwa meno, nashangaa. Nasema tu ukweli.

Makhanu amesimamisha vidole kwenye taipu ananiangalia. Nimemwambia aendelee.

Mambo mengine ni mazuri. Yule mnunuzi, Muiruri, alikuja Jumapili na soda, mtu wa adabu, nikampikia chai na viazi vitamu. Amesema hata kama sheria bado, wanaweza kuanza kupima, maana itapita tu, wananchi wameiunga mkono. Alinishika mikono yote miwili akasema, Kogo, wewe ndiye ulitusaidia. Mkono wake ulikuwa laini kama wa mtoto.

Jumatatu wanakuja kuweka vigingi. Kipyegon ameanza kuimba tena akinyoa ndevu. Njoo umsikie.

Chepkurui
(kidole gumba)

*

Free Area
Ijumaa, 14 Machi

Mama,

Nimeandika hii haraka, nimempa mzee Makhanu mlangoni kwake. Anasema hutakuja mjini kabla ya Jumatano na simu yako iko mfukoni mwa Kipyegon. Nitaomba Mungu uipate mapema.

Kabla hawajaweka vigingi, mwambie Kipyegon akuonyeshe ramani. Muulize ule ua wa miiba wa kayaba uko upande gani wa mstari. Muulize mbele ya mtu mwingine.

Usimpigie kelele. Muulize tu.

Cherop

*

Bondeni
Jumatano, 19 Machi

Mama Kimberly,

Barua yako ya Ijumaa nimesomewa leo, saa hii. Makhanu alikuwa ameiweka mfukoni siku tano akiningojea, maskini, mpaka imenuka tumbaku. Haina haja tena. Jumatatu nimeisoma mwenyewe, bila shule.

Walikuja watatu na ile darubini ya miguu mitatu. Nikawapelekea maziwa lala kule bondeni. Hawakuwa bondeni. Walikuwa wanapanda. Wakapita mtoni, wakapita migomba, wakapita choo. Nikasema hawa wanatafuta mahali pa kukaa wanywe. Kijana mmoja akaweka kigingi chekundu kati ya jiko langu na kaburi la Kiptanui akakipiga nyundo. Nikamwambia, baba, umepotea shamba.

Nikasikia mdomo wangu ukisema hayo. Nikakumbuka niliyasema lini. Maziwa yakanitoka mkononi.

Akanijibu kwa heshima. Akasema, hapana, Kogo, tunaenda mpaka kwenye ua wa kayaba, ndivyo ramani inavyosema. Nyumba yangu iko chini ya kayaba, Cherop. Jiko, kuku, kaburi, na ile ndizi aliyoipanda Kimberly. Yote.

Nilimuuliza Kipyegon hapo hapo. "Kipyegon, mimi naenda wapi?" Akaangalia viatu. "Mama, nilikuwa nikutafutie chumba kizuri Free Area, cha mawe, na stima." "Na baba yako umemtafutia chumba?" Akaanza kulia, mwanaume wa ndevu, akasema bonde pekee yake hakuna aliyelitaka, kila mnunuzi alikuwa akitaka mpaka barabarani, na nafasi ya lori ilikuwa inampita, na alidhani nisingejua mpaka siku ya kuhama, na siku hiyo angekuwa na gari la kunibebea. Nilimpiga na mwiko. Halafu nikampanguza kamasi. Ni mtoto wangu.

Sasa nimejua ulisema hapana kwa bodi juu ya nini. Ni juu yangu. Uliiona ramani, wewe unayejua kusoma, ukakaa kimya, ukakubali wazee wakucheke, nami nikirudi nyumbani nikakutupia maneno ukinisongea ugali. Mbona hukuniambia, mwanamke wewe? Mbona?

Sina haki ya kukuuliza. Wewe ulikuwa umeniuliza swali na nikakudanganya mara mbili. Makhanu, hapa uandike vizuri.

Si magoti. Magoti yangu yanapanda mlima kila siku na debe la maji. Nilikaa kwenye benchi nikakuona na karatasi yako, unaisoma midomo ikicheza kama mtoto wa shule, na nikajua ukisimama watakusikiliza, maana una njia nzuri ya kuongea. Nikajua pia kwamba nikiongea kwanza hutasimama. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Nilienda kwa karani nikashika mgongo nikalia kama mgonjwa, nikamwambia, mjukuu wangu, niite kwanza nisife hapa. Akaniita. Nikaongea nikikutazama. Niliona ukikunja hiyo karatasi mara mbili, halafu mara nne. Nikafurahi, Cherop. Nataka ujue kwamba nilifurahi. Nililala vizuri usiku huo.

Sasa silali. Naona hiyo karatasi ikikunjwa.

Niambie maneno ya mtu yanatolewaje kwenye kitabu cha watu wa bunge. Makhanu anasema mwisho wa maandishi ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nane.

Chepkurui
(kidole gumba. Makhanu anasema kimelowa. Ni jasho.)

*

Free Area
Jumamosi, 22 Machi

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Sikukuambia kwa sababu Kipyegon ni mtoto wako, nikaona heri unichukie mimi. Mimi ni wa kuja. Nilijua ukimkosa yeye huna mwingine. Nilidhani nikisema hapana mara moja mbele ya bodi itaisha, na hutajua kamwe. Sikufikiria watabadilisha hata mahali pa kusemea hapana.

Nisamehe kwa kuficha. Lakini Mama, sitakudanganya pia. Nimekasirika. Sikukasirika hivi ulipozungumza, nimekasirika sasa, kwa sababu ya yule karani na mgongo wako. Nilikaa miaka kumi na moja nikidhani adabu yangu kwako ni zawadi. Uliichukua ukanifunga nayo mdomo. Nahitaji siku.

Juu ya maneno yako, andika kwa Karani wa Kamati ya wale watu wa bunge, ofisi yao ya Nakuru inapokea. Sema jina lako, sema ulitoa maoni tarehe ngapi, sema unayaondoa. Usimtaje Kipyegon. Asiwe jina kwenye kitabu cha serikali, Kimberly atalisoma siku moja.

Kikao cha mwisho ni Alhamisi tarehe tatu Aprili, hapa mjini, kwenye ukumbi wa kaunti. Dada yangu ananisukuma niende. Sijui. Nikifungua ile karatasi naisikia sauti yako.

Kimberly anakusalimu. Amechora ndama, ana miguu mitano.

Cherop

*

Nakuru
Jumatano, 26 Machi

Kwa Karani wa Kamati,

Mimi naitwa Chepkurui, mjane wa Kiptanui, wa Rongai. Sijui kusoma. Mzee Makhanu wa Bondeni ameandika ninavyosema na ameahidi mbele ya Mungu hakuongeza kitu.

Tarehe ishirini na nane Februari nilisimama mbele yenu nikasema mke asiulizwe shamba linapouzwa. Mlinipigia makofi. Mama mmoja wenu mwenye miwani aliandika ninachosema huku akitikisa kichwa kukubali. Nataka yule mama ajue nilikuwa na hila. Niliomba kuitwa kwanza ili mtu fulani anyamaze, na akanyamaza. Yeye ndiye alikuwa na maneno ya maana. Mlimkosa kwa ajili yangu.

Sasa nasema hivi. Mimi shamba letu la juu liliuzwa na sikuulizwa. Niliwaambia watu miaka yote kwamba sikufa. Ni kweli sikufa. Lakini kila nikipita barabara ile huwa nageuza uso upande wa pili, hata leo, na nilikuwa bado kijana wakati huo. Hilo sikuwaambia. Nilidhani kwa vile mimi nilinyamaza, mwingine naye anyamaze, tuwe sawa.

Mwezi huu nyumba yangu ninayolala ilikuwa inauzwa nami nikimpikia mnunuzi viazi. Kilichoizuia ni neno moja la mwanamke mmoja mbele ya bodi. Hana damu yangu. Alisimama peke yake akasema hapana, na sheria ikamsikiliza kwa sababu ilikuwa imeandikwa imsikilize. Mkiitoa hiyo, mimi nitasimama wapi? Barua ya chifu haiijui ndizi ya mjukuu wangu.

Naomba maneno yangu ya kwanza myatoe kwenye kitabu. Yachaneni. Mkitaka nije niyachane mwenyewe, nitakuja, nauli ninayo.

Chepkurui
(kidole gumba cha kulia)

*

Ofisi ya Karani wa Kamati, Nakuru
Jumatatu, 31 Machi

Kwa Bi. Chepkurui,

Tunakiri kupokea barua yako ndani ya muda uliowekwa. Tunakushukuru kwa kushiriki.

Tungependa kukufahamisha kuwa maoni yaliyotolewa kwa mdomo mbele ya kikao ni sehemu ya kumbukumbu rasmi na hayawezi kufutwa. Maoni yako ya maandishi yameingizwa kama maoni mapya. Katika jedwali la ripoti, Rongai sasa ina mchango wako mmoja unaounga mkono kifungu cha kuondoa idhini ya mke na mmoja unaokipinga.

Wananchi ambao hawajatoa maoni bado wanaweza kufanya hivyo katika kikao cha tarehe 3 Aprili, saa tatu asubuhi.

Karani wa Kamati

*

Bondeni
Jumatano, 2 Aprili

Cherop,

Uliniomba siku. Nilihesabu kumi na moja nikashindwa na ya kumi na mbili. Makhanu amekubali kukuletea hii kabla hajala.

Wamejibu. Hawachani. Wameniweka kwenye kitabu mara mbili, mmoja anasema ndiyo, mmoja anasema hapana, kama wanawake wawili wanaovutania leso. Nimemuuliza Makhanu, sasa nani ameshinda? Akasema, hakuna, Kogo, mmefutana. Nimekaa nikafikiria. Miaka yangu yote, mdomo wangu wote huu unaoujua, na hesabu yangu kwa serikali ni sufuri.

Basi ni wewe umebaki.

Kigingi nimekitoa. Kipyegon alinisaidia kuchimba. Amemwambia Muiruri hauzi tena, amemrudishia mkono wake laini. Lori hakuna. Haimbi akinyoa ndevu, na mimi simuulizi. Anakula kwangu, anaosha sahani yake mwenyewe. Jana alisimama nje ya mlango wenu akaugusa, akaenda. Hayo si ya kukuvuta, nakwambia tu vile nilivyoona. Ukitaka kukaa kwa dada yako mpaka mvua iishe, kaa.

Lakini kesho saa tatu. Nitakuwa kwenye ukumbi wa kaunti. Nimemwambia Makhanu anisindikize kwa sababu sijui milango yake. Jina langu sitaandika kwenye kitabu chao. Nitakaa benchi ya mbele kabisa, mahali watu wa Rongai wataniona. Wakikuita, mimi ndiye nitasimama kwanza, nisimame tu, bila kusema kitu, ili kila mtu ajue mama mkwe wako amekupa njia. Halafu nitakaa. Kimberly unipe nimpakate, asikusumbue.

Soma karatasi yako yote. Hata kama kuna mahali umenisema.

Nitanyamaza, Cherop. Makhanu amecheka, muulize. Mwambie aandike tena: nitanyamaza.

Chepkurui
(kidole gumba)